Kaptura ya Gwaride

Pasi ikigusa nguo yenye wanga, harufu yake hunirudisha kwenye nyumba yetu ya kambini, Nakuru, juma lile mama alipoenda kwao Mau Narok kujifungua na baba akaachiwa jiko.

Baba alikuwa askari. Jioni moja alipika sufuria mbili: uji wetu wa asubuhi, wenye maziwa na sukari, na wanga wa kukazia kaptura yake ya gwaride. Akaloweka kaptura, akaianika juu ya moto. Kulipokucha akaipiga pasi ya makaa hadi ikasimama yenyewe sakafuni, ikinukia kama mandazi.

"Baba, uji hauna sukari," tulilalamika.

"Askari halalamiki. Kunyweni!"

Tukaunywa, mzito kama gundi, kisha tukakimbia kuchungulia gwaride kwenye ua. Jua lilipopanda, nyuki wakaja. Waliwapita askari wote, wakatua kwenye kaptura ya baba. Hakutikisika. Ofisa mzungu aliyekuwa akikagua mstari alimfikia, akatazama chini, akamruka haraka na kwenda kwa mwenzake.

Mama aliporudi na mtoto mgongoni, aliuliza, "Watoto walikula?"

"Walikula vizuri sana."

Mama akaishika ile kaptura iliyokuwa ikingoja kufuliwa. Akainusa. Akalamba pindo.

"Na hawa watoto wangu, Baba Watoto, walikunywa nini?"

Baba akabana visigino, akanyoosha mikono, akatazama mbele. Hakutikisika.