Mchezo Wangu Ulimtoa Mtu Jicho

Ndugu wa ukurasa huu, nifichieni jina, maana hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wananijua na mjini Mbarara wameanza kuniita kumbini kwao. Nina miaka arobaini na moja, mke na watoto wanne, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi Rubondo, humu humu kambini. Kazi yangu ni kuandika michezo ya kuigiza. Msicheke. Kulima nalima, lakini mtu akiniuliza mimi ni nani najibu mwandishi, na kiburi hicho ndicho kilichonifikisha hapa.

Kikundi chetu hakikariri maneno. Wengi hawasomi, kwa hiyo naandika nani anaingia, anataka nini na anatokaje, na ya katikati mchezaji anajaza mwenyewe. Mwaka jana niliandika mchezo wa vita vya kwetu. Nafasi ya mkuu wa wauaji nilimpa Papa Sifa, mtu mpole wa kanisani kwetu aliyefiwa na mke, anayemlea binti yake Sifa peke yake. Nilimwandikia tu: unaingia, unaua mwenye nyumba.

Siku ya mazoezi alipiga hodi. Akaomba maji kwa adabu, akanawa mikono polepole hadi viwikoni, akamshukuru mama wa nyumba, ndipo akainua panga la mbao. Wachezaji wenzake wakarudi nyuma. Nilimvuta pembeni nikamuuliza ameyatoa wapi. Akaketi chini, akajibu kwa Kiswahili cha kwetu Kivu.

“Njo vile balikuya kwangu, mchana. Balinawa, kisha bakakata bibi yangu, mama ya Sifa. Miye nilikuwa chini ya kitanda, ndugu. Damu yake ilinifikia ku mikono. Sikutoka.”

Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa Sifa. Siku ile Sifa alikuwa mdogo, yuko kwa shangazi yake, na hadi leo anajua baba alikuwa safarini mama alipouawa.

Mtu mwenye utu angeifuta sehemu ile. Mimi nilimwambia, “Iache hivyo hivyo, ni nzuri sana.”

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, uwanja wa kanisa umejaa. Aliponawa mikono, mjane mmoja, Mama Neema, alisimama akapiga yowe: “Njo huyu! Njo vile alinawa kwangu! Huyu njo alikata bwana yangu!” Akanyakua kigoda akampasua nacho kichwa. Watu wakafuata. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka letu la pazia, nikasikia kelele, nikafurahi. Mungu anisamehe, nilidhani mchezo umewaingia. Nilipochungulia walikuwa wamemlaza chini wakimponda kwa mawe na miguu ya benchi, na mwanamume mmoja amemkalia kifuani akimbonyeza macho kwa vidole gumba. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Sifa alikuwa amesimama palepale akiangalia. Nilikuwa na maneno ya kuwazuia, nikayameza. Huwa nasema nilitunza kiapo. Ukweli ni kwamba niliogopa wangenigeukia mimi.

Polisi walimwokoa. Hospitalini Mbarara alitolewa jicho la kushoto. Polisi hawakupata ushahidi wowote wakamwachia, lakini Rubondo nyumba yake ilishachomwa. Sasa amejificha Kakiika, kando ya Mbarara, anakata majani ya ng'ombe wa watu kwa mkono mmoja uliobaki mzima; Sifa amebaki Rubondo kwa jirani. Nilimfuata huko nikamwambia nitasimama kanisani niseme kila kitu. Akanikaba shati, akanivuta hadi usoni kwake.

“Acha baniite muuaji. Heri Sifa anichukie kuliko ajue nilikuwa pale na nikanyamaza.”

Jana Sifa alikuja kwangu. Ana miaka kumi na saba. Mdomo ulikuwa umepasuka, wamempiga tena kwenye bomba la maji wakimwita mtoto wa muuaji. Hakulia. Alikaa, akanitazama.

“Papa, wewe njo uliandika ule mchezo. Sema kweli. Baba njo aliua mama?”

Nilimwambia arudi Jumapili, nitamjibu.

Nikisema, namvunja mtu ambaye nimeshampotezea jicho na mkono. Nikinyamaza, binti ataendelea kupigwa, tena akiamini kwamba aliyemlea ndiye aliyemchinja mama yake. Mke wangu ananiambia niseme. Yeye hakumwona yule baba akinishika shati.

Jumapili ni kesho kutwa. Nitukaneni mkitaka, nastahili. Ila nishaurini kabla hajafika mlangoni: nimwambie nini mtoto huyu?