Kibao cha Scola na Mbegu ya Mama Bertilla

Saa moja asubuhi, upepo wa Ufipa umeshaanza kuyasumbua mabati ya mtaa wa Chanji. Scola Zenon amejifunga kitenge juu ya sweta, amekunja shingo, anachomelea waya mwembamba kwenye kibao cha saketi kinachotosha kiganjani. Moshi wa risasi ya kuchomelea ukipanda anaupuliza pembeni. Chai yake imepoa zamani na wala hana habari nayo.

Kibanda hiki cha ufundi alikiacha marehemu baba yake, Mzee Zenon, fundi redio ambaye hata wavuvi wa Kirando, kule ziwani, walimpandishia redio zao zilizoingia maji. Akimaliza kuitengeneza moja, aliiweka mlangoni na kuifungulia sauti yote. Watu walisimama. Hata aliyetumwa chumvi alisahau alikotoka.

Jamani, nani wa rika letu asiyekumbuka betri zilizochoka zikianikwa juani ili redio iseme walau mpaka taarifa ya habari iishe? Scola anazikumbuka zikiwa zimepangwa kwenye kizingiti, yeye kazi yake kuwafukuza kuku wasiziangushe.

Siku hizi redio haziji. Zinakuja simu zenye vioo vilivyopasuka, nazo ndizo zinazolisha nyumba. Lakini kinachomkosesha Scola usingizi mzuri ni hivi vibao vidogo vya kuchezea, vile ambavyo wanafunzi huagiza ili wawashe taa na kuzizima. Kibao cha namna hiyo unaweza kukifundisha kupima joto au unyevu. Kasoro yake ni kwamba hakina mawasiliano.

"Kinajua, ila hakisemi," anasema Scola. "Mimi nakipa mdomo."

Mdomo wenyewe ni kipande cha waifai, kidogo kuliko kifuniko cha soda, anachokiunganisha kwa nyaya chache. Alijifunza kwa video za mtandaoni, akaunguza vipande kadhaa, akalia, akaagiza vingine. Sasa kibao chake kikiwekwa kwenye kihenge kinapima unyevu wa mahindi, kinaushika mtandao wa simu chakavu iliyoachwa ndani ya nyumba, na habari zinamfikia Scola popote alipo.

Leo anakipeleka nyumbani kwao, kijijini, mwendo wa saa moja kwa bodaboda. Anataka kumwomba mama yake, Bertilla, akubali kiwekwe kwenye mbegu. Na hapo ndipo kwenye kazi, maana mwaka jana kiliwekwa na mbegu zikaoza.

Mbegu hiyo si ya dukani. Ni mahindi meupe ya punje pana ambayo bibi yake Scola alipanda, na mama yake bibi alipanda. Majirani wote wameshahamia kwenye mbegu za pakiti. Ikipotea kwa Mama Bertilla, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Mwaka jana watoto walichanga wakamnunulia mama kihenge kipya cha bati, kwa sababu kile cha udongo kilikuwa kimepasuka. Scola akaning'iniza kibao chake ndani, akakijaribu kifuniko kikiwa wazi, kikasema vizuri. Akafunga, akarudi mjini kwa furaha.

Bati likazuia mawimbi. Tangu dakika ile kibao kikawa kinapiga kelele peke yake gizani. Simu ya Scola, kwa kukosa habari mpya, ikaendelea kumwonyesha ile ya mwisho: mahindi makavu. Mama akipiga kuuliza, Scola anachungulia simu na kumjibu kwamba mambo ni shwari.

"Fundi wa redio, mtoto wa fundi wa redio, nimesahau kwamba ndani ya bati hakuna mawimbi," anasema, na hacheki. "Baba angenipiga kofi."

Baridi ya usiku iliyafanya mabati yatoe jasho kwa ndani. Kifuniko kilipofunguliwa wakati wa kupanda, harufu tu ilitosha. Kilichobaki ni mahindi machache ambayo Mama Bertilla, kwa ubishi wake, alikuwa ameyatundika na maganda yake juu ya jiko yakipigwa moshi. Yakapandwa hayo. Mavuno yake ndiyo mbegu yote iliyopo, na yako kwenye gunia yakingoja kauli ya mwenyewe.

Tunamkuta Mama Bertilla uani anapepeta ulezi. Shikamoo zinapokelewa, kiti kinaletwa, Kifipa kinapita kati ya mama na binti haraka kuliko mwandishi anavyoweza kufuata. Kisha, kwa heshima ya mgeni, wanahamia Kiswahili.

Scola anaeleza marekebisho. Safari hii kipimo kitakaa ndani, lakini waya utapita kwenye tundu lililozibwa kwa nta, na kibao na antena yake vitakaa nje. Kikinyamaza, simu italia. Anafunga kifuniko, anamwonyesha mama namba zikibadilika kwenye kioo. Kinafanya kazi, na mwandishi ni shahidi.

Mama Bertilla anaangalia kwa muda. Anakiri kwamba ni kitu kizuri, na kwamba mzee angekifurahia mno. Kisha anasema hapana, asante.

Scola anaanza upya habari za nta na antena. Mama anamkatiza kwa upole.

"Sijakataa kwa sababu ya kuoza," anasema. "Zamani ulikuwa unakuja kila Jumapili baada ya misa. Unaingiza mkono kwenye mahindi mpaka begani, unasikiliza kama yana joto, halafu tunapika. Ulivyoleta hicho kitu, hukuja tena. Sasa mahindi yakijisemea yenyewe kwa simu, wewe utakuja kufanya nini?"

Scola anaikunjakunja ncha ya kitenge chake. Mwandishi, ambaye naye ana mama, anajifanya kuangalia kuku.

Ni kweli, anakiri Scola baadaye, wakati tukisubiri bodaboda. Alidhani anampunguzia mama wasiwasi, kumbe alikuwa anajipunguzia safari. Jumapili moja ikapita, ikafuata nyingine, na kila ikipita simu ilikuwa inamwambia hakuna tatizo.

Kibao hakitakaa bure. Malimi, jirani mfugaji ambaye hulala machungani na ng'ombe wake wiki nzima, ana kihenge cha bati na ameshakiulizia. Scola anataka kutengeneza vingine kwa watu wa namna hiyo, na vijana wawili wa Chanji wameomba awafundishe kuchomelea.

"Nitatengeneza vingi, Mungu akipenda," anasema, akiweka mkoba begani. "Ila kihenge cha mama kimepata wa kukisemea. Nimemwambia hiyo kazi naifanya mwenyewe, kila Jumapili."

Alipomwambia hivyo, Mama Bertilla hakushukuru wala hakulia. Alimuuliza tu apike maharage au mlenda.