Springi ya Stendi na Mazishi ya Fundi Jailan

Habari ilimfikia Ayash saa nne asubuhi mjini Hudaida, akiwa juu ya pikipiki, na abiria nyuma yake na kioo cha dirisha katikati yao. Alisimama kando ya barabara kupokea simu. Alikuwa dada yake mkubwa, Sabriya, kutoka Zabid.

"Uko wapi, mdogo wangu?"

"Kazini."

"Jailan ametutoka. Amekufa ameketi, anangoja chai. Tunamzika baada ya Alasiri. Hana mtoto wa kiume, na ndugu wa kiume ni wewe tu, kwa hiyo ni wewe utakayeingia kaburini kumlaza. Nimewaomba wangoje. Wamesema na jua hili hawangoji mtu."

Ayash akasema sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Abiria naye akasema hivyo hivyo, akaongeza dua ndefu nzuri, kisha akakohoa kidogo.

"Pole sana, bwana. Lakini kioo hiki, kuna watu wananisubiri."

Ayash akakifikisha kioo kwa wenyewe. Kisha akageuza pikipiki kuelekea kusini.

Jailan, Mungu amrehemu, alitengeneza pikipiki kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakupanda hata moja. Alisema anazijua mno. Alikwenda kwa miguu msikitini, sokoni, na hata hospitali siku alipovunjika kidole. Akifanya kazi hukalia beseni la bati lililopinduliwa, na wateja walioleta viti kama zawadi aliwashukuru, akavigawa. Kikoi chake kilikuwa na oili hata sikukuu ya Idi, kwa sababu Idi nayo watu huharibikiwa.

Jambo lililomkera kuliko yote lilikuwa stendi, ule mguu wa kuegeshea pikipiki. Injini ikizima au breki ikilegea, watu humkimbilia fundi. Springi ya stendi ikikatika, hukata ukanda wa tyubu, wakaufunga, wakaendelea na maisha yao. Jailan aliona hiyo ni dalili ya upungufu wa imani.

"Umeifunga stendi kwa mpira kama mbuzi wa sadaka," alimwambia Ayash miezi miwili kabla ya kufa. "Keti hapa nikufundishe kuweka springi. Dakika tano tu."

"Kaka, nina abiria."

"Wewe una abiria tangu mwaka juzi."

Siku ile ya msiba, mpira wenyewe ulikatika nusu ya safari. Barabara ilikunja kushoto, stendi ikaanguka, ikagonga lami, pikipiki ikaruka. Ayash alijikuta ndani ya shamba la mtama, wima, mzima, ameishika pikipiki kama mtu aliyeombwa aishike kidogo. Akaifunga stendi kwa kilemba chake. Mnyororo ukakila kilemba. Akaenda polepole, huku ameinua stendi kwa kisigino cha kushoto, mpaka Bait al-Faqih, kwenye karakana ya Muqbil. Ilikuwa saa saba na nusu.

Muqbil ni mtu wa milimani aliyefanya kazi kwa Jailan miaka mitatu kabla ya kufungua karakana yake.

"Karibu, mtu wa tambarare! Kilemba kiko wapi?"

"Nifungie mpira kwenye stendi, Muqbil. Nina haraka."

"Mpira? Hapa kwangu? Nenda kwa muuza vitunguu akufungie. Kaka yako akisikia nimefunga mpira, atakuja kwa miguu kutoka Zabid kunitukana."

Ayash akaiegemeza pikipiki ukutani. Muqbil akachukua koleo na kopo la springi, akaanza kuzichambua moja moja, akizitazama kama mtu anayechagua tende.

"Hii ya Kichina. Hii nayo ya Kichina, lakini aliyeitengeneza alikuwa amekasirika."

Hapo ndipo Ayash alipokosea.

"Chagua yoyote, ndugu yangu! Jailan amefariki. Nawahi kumzika."

Muqbil akaweka koleo chini.

Mafundi wa mstari ule wa karakana wana ada yao. Wakisikia fundi mwenzao amekufa, kila mmoja huweka chini alichoshika, wala hagusi tena chombo mpaka maiti awe amefunikwa udongo. Muqbil alitoka mlangoni, akatangaza. Nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine, milango ya bati ikashushwa. Mafundi kumi wakaja kumpa Ayash mkono, kila mmoja na dua yake kamili, naye akaitikia amina kwa kila mmoja. Pikipiki ilikuwa imeegemea ukuta, haina springi.

"Malizia kwanza, Muqbil."

"Nimeshaweka chini."

"Ungeweka chini baadaye."

"Na wewe ungeniambia baadaye."

Kwa mwendo wa kisigino asingewahi, kwa hiyo Ayash akatazama mstari mzima apate pikipiki ya kuazima. Pikipiki nyingine hazikuwa na magurudumu, nyingine hazikuwa na injini. Magari ya Zabid hayaondoki mpaka yajae, na saa ile watu wote wameketi wanatafuna mirungi.

"Wewe si fundi," Muqbil akasema baada ya kufikiri. "Ada haikuhusu. Weka mwenyewe."

"Sijui."

"Ndugu wa Jailan hujui kuweka springi?"

"Nilikuwa na abiria."

Muqbil akaketi, akaweka mikono yote miwili mapajani ili isimponyoke. Ayash akaokota koleo. Akatundika ncha moja ya springi kwenye fremu, akavuta nyingine kwa nguvu zake zote. Springi ikachomoka, ikampiga Muqbil kwenye goti. Muqbil hakuikwepa, kwani aliona kukwepa nako ni kazi.

"Unapigana nayo," alisema. "Jailan hakuwahi kuivuta. Chukua zile sarafu."

Kulikuwa na mkebe wa maziwa umejaa sarafu za zamani ambazo hata ombaomba hazipokei. Muqbil alielekeza kwa kidevu. Ikunje springi upande mmoja, mapengo yafunguke. Chomeka sarafu katika kila pengo. Sasa ikunje upande wa pili, chomeka tena. Ayash akafanya hivyo, akaona springi imerefuka bila kuvutwa na mtu.

"Inua stendi juu kabisa. Tundika huku. Na huku."

Ikaingia.

"Sasa ishushe stendi."

Akaishusha. Springi ikanyooka, mapengo yakapanuka, sarafu zikaanguka chini zote kwa mpigo. Akaipiga stendi teke, ikapanda juu na kutulia. Kazi ilimchukua dakika arobaini.

"Alisema dakika tano," Ayash akasema.

"Alikuwa akisema zake," Muqbil akamjibu, akapanda nyuma.

Walifika Zabid Alasiri imekwisha kusaliwa na jeneza linatoka msikitini. Waliiacha pikipiki nje ya makaburi. Sabriya alikuwa amesimama mbali kidogo na wanawake wenzake. Alimwona Ayash, akaitikia kwa kichwa. Mashemeji wawili walikuwa wamekunja vikoi tayari kushuka. Mmoja akarudi nyuma, akampisha.

Ayash akashuka. Walimpokea Jailan kutoka upande wa miguu, wakasema kwa jina la Mwenyezi Mungu na juu ya mila ya Mtume wake, wakamlaza kwa ubavu wa kulia akielekea Kibla. Ayash akafungua vifundo vya sanda, akaligusisha shavu la kaka yake na udongo. Wakapanga matofali mabichi, wakaziba nafasi kwa tope. Ayash akapewa mkono, akapanda juu. Kila mtu akatupa mateko matatu ya udongo, kisha majembe yakamalizia. Imamu akawaambia wamwombee ndugu yao uthabiti, kwa kuwa sasa anaulizwa na malaika. Wakasimama pale wakimwombea, kisha wakarudi nyumbani.