Mpiga Picha wa Bondeni Titye

Enzi zetu pale Titye, ndege alikuwa adui. Mpunga wa bondeni ukianza kutoa masuke, watoto tulishuka alfajiri kwenda kuamia ndege, kila mmoja na kopo lake la kugonga na kombeo shingoni. Tulikula mihogo ya kuchoma na maharage ya jana, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Watoto wa leo ukiwaambia wafukuze kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa, wanataka kwanza uwawekee bando.

Sasa mtu wa kuja kupiga ndege picha, nani angemwamini?

Alikuja kwa baiskeli akitokea Kasulu mjini, shati la kaki, kamera ina mdomo mrefu kama chupa ya chai. Alijitambulisha kuwa ni mwalimu. Wazee walipomsalimu "Mwakeye", salamu yetu ya asubuhi kwa Kiha, akaitikia "Marahaba" kana kwamba ameamkiwa shikamoo, watu wakatazamana. Asubuhi nzima alijibanza kwenye matete, kimya, akiandika kwenye daftari. Mama alisema huyo ni mnyonya damu, anachagua mtu. Jirani yetu, mama Yosia, aliapa kwamba anatafuta madini. Baba hakupandisha sauti. "Anapima bonde," alisema. "Ndege hawezi kumtoa mtu Kasulu."

Nilikuwa na miaka kumi. Siku ya tatu nilirusha jiwe kwenye matete, yule mwalimu akainuka taratibu.

"Mdogo wangu, usirushe huku. Ana vifaranga. Njoo uone."

Nilitaka kukimbia, lakini nikasogea. Nikaweka jicho kwenye kamera. Alikuwa korongo mwenye taji, yule sisi Waha tunamwita umusambi, amesogea karibu hata nikamwona anavyopepesa jicho. Miguuni pake vifaranga wawili, manyoya rangi ya mchanga, wanajikwaa kwenye majani. Nilicheka, nikaziba mdomo.

Kesho yake wanaume walimzunguka. Baba alishika kamera, mwenyekiti wa kijiji akauliza anapima nini.

"Ndege tu, mzee wangu," mwalimu akajibu. "Muulizeni binti yule. Jana aliona mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Nikamtazama baba usoni.

"Mimi sijaona kitu," nikasema.

Walifungua kamera wakauvuta mkanda wote juani, wakachana daftari vipande vipande, wakamwonya mwalimu asionekane tena. Aliisukuma baiskeli yake mlima mzima bila kugeuka. Mama alinipa kipande kikubwa cha muhogo jioni ile. Nilimpa mdogo wangu.

Uongo ule nilikaa nao miaka mingi. Baba alipozeeka nikaja kumuuguza, siku moja nikamweleza.

"Nilijua," akasema. "Siku uliyoviona vifaranga ulimsimulia mdogo wako jikoni. Nilikuwa nje, nilisikia."

"Sasa mbona mlimfukuza, baba?"

"Wewe uliona ndege. Alichoandika kwenye daftari nani alikisoma?"

"Mlilichana bila kulisoma."

Alinyoosha mkono akaomba maji.

Siku hizi vijana wanapiga picha kila kitu, hata ugali kabla hawajanawa, na hakuna anayewauliza wanapima nini. Wageni nao wanapita na magari, wanashuka, wanapiga, wanaondoka, sisi tunawapungia mikono. Labda tumeerevuka. Labda tumechoka tu kulinda.

Bonde lenyewe ni mpunga na miwa kutoka ukingo hadi ukingo. Matete tuliyachoma wenyewe, kila ukoo ukisogeza mpaka wake hatua moja kila msimu, na mimi nina kipande changu pale, nalima. Korongo hawatui tena. Watoto wangu nikiwasimulia kwamba walikuwa wanazaa pale pale penye miwa, wananiitikia kwa adabu, kisha wanatazamana.