Mama Anasema Ni Tata Njo Anagonga Chini ya Nyumba

Admin, tafazali jina yangu usiweke, hata ya kartie, mutaa wetu, usiweke. Kolwezi ni kidogo, na mudogo yangu anasomaka hii page.

Mi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na ine, nakaa Fungurume na bwana yangu na batoto. Nyumba ya familia iko pembeni ya Kolwezi. Tata, baba yetu, aliijenga na mikono yake, kila mwezi matofali kidogo, wakati alikuwa anatumika kazi ku mine, kuchimba madini. Alikufa mwaka jana. Mule mulibakia mama na mudogo yangu, kijana wa miaka makumi mbili na tisa, hajaoa bado.

Kwetu, mutu akikufa, chumba yake tunaifunga mpaka siku ya kutosha kilio, ni kusema kumaliza matanga. Siku ile njo familia inaingia na kugawa nguo. Funguo ilibakia kwa mudogo. Sasa hiyo siku anairudishaka nyuma tu. Mara tata mukubwa, kaka ya tata, hana nafasi, mara mvua, mara ananiambia miye dada yake: "Yaya, tungojee saison sèche, mvua ikatike." Saison sèche ilipita! Tunangojea nini tena?

Mwezi uliopita nilienda kwa mama siku tano. Nikakuta mudogo anauzisha makala, mifuko inatoka mu nyumba asubui na kupakiwa ku pikipiki. Nikasema asante Mungu, kijana alipata kazi. Saa ya kupika, mama ananituma niombe makala kwa jirani! Mu nyumba ya muuzishaji makala? Hapo roho yangu ilikataa.

Nikaanza kuangalia. Radio yake inapiga nyimbo za kanisa kwa nguvu tangu asubui, na yeye ku misa haendaka. Ukuta wa salon uko na ufa, vidole vyangu vinaingia. Na nyumba ya tatu kutoka kwetu ilizama, salon yote, sababu benyewe balikuwa banachimba cobalt chini ya sakafu. Nikamuuliza: "Mudogo, mu chumba ya tata muko nini?"

Akacheka. "Kitanda na suti zake, yaya. Unataka kufungua kabla ya kutosha kilio? Si miye nilitunga desturi."

Kesho yake, saa sita ya mchana, umeme ukakatika, radio ikanyamaza. Njo nikasikia: ko, ko, ko. Chini ya miguu yangu! Nikakimbia kwa mama. Nikamukuta amekaa ku kitanda, mukono ku ukuta, anacheka peke yake.

"Unamusikia?"

"Nani, mama?"

"Tata yako. Kila siku ananigongea. Na mi nikimujibu, ananijibu." Akagonga ukuta mara tatu. Wapenzi, chini kukajibu mara tatu. "Tangu nimusikie, mwanangu, nakula, nalala. Kitanda nilikisogeza huku nimusikie muzuri."

Nikamuambia twende Fungurume. Akanishangaa: "Na tata yako nimuachie nani?"

Nikangojea mu colidor mpaka mudogo akatoka mu chumba ya tata, udongo mpaka ku kope. Nilimutukana, sitaficha: makala gani, unachimba cobalt chini ya mama! Hakukana. Alisema tu: "Yaya, mama alikuwa anakufa na huzuni. Ukimuambia ukweli, weye njo utamuua."

Haki ya Mungu, ni kweli mama alikuwa amekonda, alikuwa anakataa hata bukari, ule ugali wetu. Lakini nani alimufundisha mudogo kujibu mara tatu? Ni upendo, ao anamushikilia mama pale ili nyumba ionekane ni ya kilio na mutu asiulize? Mi siyue tena mudogo yangu ni nani.

Nikienda kwa shefu wa kartie, mudogo atafungwa na mama atayua yote. Nikimuambia mama miye mwenyewe, namuzikisha bwana yake mara ya pili. Nikinyamaza, nyumba itamumeza.

Jana amenipigia simu na furaha, anasema sasa tata anagonga karibu zaidi, kabisa chini ya kitanda. Bandugu, munipe shauri, tena mbio: nifanye nini?