Pampu Isiyomwamsha Muuguzi

Haya ninayoandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mke wangu, ambaye ameshawahi kuniamini katika mambo ya ajabu kuliko haya, aliposikia mwanzo tu aliinuka akaenda kuanua nguo. Lakini ni kweli tupu. Mahali nilipotia chumvi, nimetia kidogo tu, ya kuonja.

Mpwa wangu ni fundi wa kutengeneza cherehani. Hashoni, anatengeneza, ukimpelekea suruali ya kupunguza atakutazama mpaka usahau ulichokuja nacho. Mafundi wote wa nguo wanamwita Sikio, kwa sababu hafungui mashine kabla hajaisikiliza. Huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma cha cherehani inayozunguka, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Kisha anasema, "Beringi ya kushoto inaomba mafuta," au, "Humu kuna uzi umejisokota tangu mwaka juzi." Ufundi huo wa bisibisi nilimfundisha mimi. Yeye husema alifundishwa na fundi wa magari wa mtaani kwao. Haya, na huyo fundi wa magari alifundishwa na nani? Tuyaache.

Kutwa nzima Sikio huishi ndani ya kelele. Cherehani sita zinajaribiwa kwa pamoja, kila moja na kikohozi chake, na akitoka hapo jioni kichwa kinaendelea kushona peke yake njia nzima. Ndiyo maana nyumbani alijiwekea maji. Sebuleni, kwenye ukuta unaotenganisha na chumba cha kulala, kuna tangi la samaki lenye urefu wa kitanda cha watu wawili. Lita mia nane. Nilitaka kuandika elfu mbili, kalamu ikaona haya. Ndani wanaogelea samaki wa rangi ya dhahabu iliyochakaa, na wengine weusi, wembamba kama mikanda ya saa. Akirudi kazini Sikio huvuta kigoda akakaa mbele ya kioo bila kuwasha taa. Mwanga wa tangi unacheza darini. Baada ya dakika kumi hajui tena kama ni samaki wanaoelea au ni nyumba inayozama polepole, yeye na kigoda chake na viatu vyake mlangoni, wote wanashuka bila haraka na bila kulowa.

Chini ya tangi hilo, ndani ya kabati, kuna tangi dogo. Maji yakijaa juu humwagikia kwenye bomba, yakashuka huko chini kusafishwa, na pampu ikayarudisha juu. Hiyo pampu ndiyo moyo wa nyumba, na moyo huo ulianza kuzeeka.

Sasa mumewe. Ni muuguzi wa zamu ya usiku, mwaka wa nne huu. Anarudi asubuhi mke yuko mlangoni anatoka. Wanapishana kama mishale ya saa. Saa yao ya kweli ni saa saba mchana. Sikio hufunga karakana, akaja nyumbani, akavua viatu, akaingia chumbani kwenye giza la mapazia na kukaa ukingoni mwa kitanda. Mume huamka nusu. Hapo ndipo wanapozungumza mambo yao yote: nani kapiga simu, bomba gani linavuja, unakumbuka ile mvua ya mwaka ule. Mmoja yuko macho, mwingine bado mguu mmoja uko ndotoni, kwa hiyo maneno mengine yanatoka huko huko, na Sikio huyajibu vilevile bila kuyasahihisha. Ikifika saa nane mume anazama tena na mke anarudi kwenye cherehani zake. Saa moja kwa siku. Wapo waliooana na wanaokaa pamoja kutwa, hawajawahi kuipata.

Alhamisi moja alimkuta macho makavu, anatazama dari.

"Mke wangu, pampu yako inaongea."

"Inasemaje?"

"Inasema mmm. Kama mgonjwa wa kitanda cha nne. Nakaa nikisubiri amalizie."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Jana nimemuuliza mgonjwa mmoja jina lake mara tatu, mpaka akaanza kulitilia shaka." Akajigeuza ubavu. "Kuanzia Jumatatu nitakuwa nalala kwa kaka. Kule nyuma kwake kumetulia. Siwezi kushika sindano na usingizi, mama."

Hakusema kwa hasira. Kaka mtu anakaa mwisho kabisa wa mji, na saa saba ya mchana haifiki huko.

"Tutaonana Jumapili," mume alisema.

"Jumapili hadi Jumapili. Kama timu za ligi."

Ijumaa asubuhi akaenda duka la pampu, na mimi nikaenda naye kama mshauri. Muuzaji ni bwana mnene mwenye sauti ya mtangazaji. Aliposikia lita mia nane, moja kwa moja akateremsha boksi kubwa kutoka rafu ya juu.

"Hili ndilo dume, dada. Lita elfu kumi na mbili kwa saa."

"Ikipandisha maji mpaka wapi?"

"Popote unapotaka."

Sikio akageuza boksi. Kwa nyuma kulikuwa na mchoro wenye mstari unaoteremka kama ngazi ya dari. Akauwekea kidole.

"Elfu kumi na mbili ni ikiwa haipandishi kitu, inasukuma maji sakafuni tu. Yangu yanapanda mpaka hapa." Akajigusa begani. "Na wati mia moja, kutwa kucha. Hii itakula kuliko mjomba."

"Chukua dume," nikamshauri. "Mwenye nguvu hafanyi kelele, hana haja."

"Mjomba, wewe hata sahani unachagua kwa ukubwa."

Muuzaji akacheka zaidi ya ilivyohitajika. Sikio akaomba ndoo ya maji, na muuzaji akaacha kucheka.

Dume likawekwa ndooni kwanza. Sikio akachomoa bisibisi kwenye mkoba, ncha kwenye pampu, mpini sikioni, macho akayafumba. "Inasaga meno," akasema. Ikaletwa ya pili, ya kadiri. Akasikiliza. "Hii imenyamaza, lakini imekunja uso." Ya tatu ilikuwa ndogo, imefungwa waya mrefu wenye kitufe cha kupunguza na kuongeza mwendo, ngazi kumi. Boksi lilisema elfu sita. Kwenye mchoro wake, kwa kimo cha bega la Sikio, ilibaki kama elfu nne hivi, wati arobaini.

"Ndogo mno hiyo," muuzaji akasema.

"Samaki wangu wanataka maji yazunguke mara tatu hadi tano kwa saa. Elfu nne gawa kwa mia nane."

Muuzaji akanitazama mimi. Nikatazama rafu.

Sikio akainama juu ya ndoo. Dakika ikapita, ya pili nayo. Nyuma yetu foleni ikaanza kujikunakuna. Uso wake ulilegea, mdomo ukafunguka kidogo, kama mtu aliyeanza kuona ndoto yenye bustani.

"Dada, kwani unasikia nini?"

"Sisikii," akajibu bila kufumbua macho. "Ndiyo nasikiliza."

Akaichukua hiyo. Jioni ile ile akaifunga ndani ya kabati, akaiweka ngazi ya kumi, na hilo, nakiri, ni mimi niliyemwambia. Mtu hanunui gari jipya akalisukuma kwa mkono.

Jumamosi saa saba mchana aliingia chumbani akitembea kwa vidole vya miguu. Mume alikuwa macho.

"Bado?"

"Ile mmm imekwisha. Sasa kuna glu. Glu, glu. Kama mtu anakunywa maji na glasi haiishi."

Sikio akaenda sebuleni na bisibisi yake. Akaigusisha kwenye pampu: hakuna. Kwenye kabati: hakuna. Kwenye bomba ambalo maji hushukia: glu. Pampu mpya ilikuwa inapandisha maji mengi kuliko bomba lilivyoweza kumeza kwa adabu, likawa linameza na hewa. Ila alipoweka sikio mwenyewe pale sebuleni, kila kitu kilikuwa sauti. Sikio lililohitajika lilikuwa kwenye mto, ng'ambo ya ukuta, na halikuwa lake.

"Lala," akamwambia mumewe kutoka mlangoni. "Inua kidole. Ukiwa unasikia, kiache juu. Ukiacha kusikia, kishushe."

"Kama darasani."

"Darasani ulikuwa unainua?"

Kidole cha muuguzi kikasimama juu ya shuka. Chumba kilikuwa na giza la kijani la mapazia yaliyofungwa mchana, na mwanga wa tangi ulipita mlangoni ukatambaa ukutani, ukakizunguka kidole na kukiacha. Sikio akavuta waya wa kitufe mpaka mlangoni, akabonyeza. Tisa. Kidole juu. Nane. Akasubiri, kwa sababu maji nayo huchukua muda kuelewa. Kidole juu. Saba. Kidole kikapinda kidogo kwenye kiungo, kama kinataka kuuliza kitu kisha kikaona si lazima. Samaki weusi walikuwa wamesimama wote wakitazama upande mmoja. Sita. Kidole kikainama polepole, polepole, kama mmea uliobadilishiwa dirisha, na kikalala juu ya shuka.

Sikio akasimama pale mlangoni, kati ya sebule na chumba. Akataka kuuliza: umeacha kusikia, au umelala? Swali lenyewe lingemwamsha. Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, mahali pake, akamsimulia habari za siku kwa sauti ya chini kuliko pampu: cherehani ya yule mama imepona, mjomba ameaibika dukani. Mume alipumua. Maji yalipanda upande wa pili wa ukuta, yakashuka, na hakuna aliyeyasikia, na nyumba ikaanza kuzama polepole na wote wawili ndani yake.

Na muuguzi yule, wasomaji wangu, alilala usingizi ambao hospitali nzima haijawahi kuuandika kwenye faili. Alilala Jumamosi, akalala Jumapili, ndevu zikamshuka mpaka kifuani, samaki wakazaa na wajukuu wa samaki wakazaa, ikabidi niitwe mimi na jeki ya lori ili kum—

"Mjomba." Sikio amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma. "Aliamka saa kumi na moja jioni ile ile. Akampigia kaka yake simu asitandike kitanda, akaoga, akaenda kazini. Andika hivyo."