Bibi Harusi Bila Chozi

Miaka ile ya hamsini, kwetu Fizi mlimani, msichana anayeolewa alipaswa kulia siku ya kutolewa nyumbani. Alilia mlangoni kwa mama yake, kwa sauti, na bamama, wanawake wote wa kijiji, wakisikiliza. Asiyelia walisema hana uchungu na aliyemzaa. Mimi nilikuwa na uchungu hata chakula hakipiti, lakini macho yangu yalikuwa makavu kama ugali wa jana. Mkitaka kucheka chekeni, mimi nilishajicheka zamani.

Wakati wa kiangazi, malori ya pamba yakishuka kwenda Baraka, mji wa ziwani, na watu wakichoma majani milimani, macho yaliniwasha kama yana mchanga. Kisha upepo ukipiga kidogo, yanamwaga maji bila kuniuliza. Niko sokoni nacheka na wenzangu, mtu anapita ananipa pole, anauliza nani amekufa. Masika yakifika vumbi linalala, lakini tunapikia ndani kwa sababu ya mvua, na moshi unayakausha macho kabisa. Asubuhi kope zimeshikana. Kwenye kilio cha kweli, wenzangu wanabubujika, mimi nafikicha macho na kutazama chini, nikiomba mtu asinichungulie usoni.

Mama alihangaika nami sana. Kila asubuhi alinibandika kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Mara moja alimwomba jirani anayenyonyesha anikamulie maziwa machoni, na mtoto wa yule jirani akaniangalia kama mwizi. Munganga wa dispanseri alinipa pomade ya kupaka machoni, akaniambia nipepese macho mara kwa mara na nikae mbali na moshi. Msichana wa Fizi akae mbali na moshi, halafu nani apike? Basi nikashika lile la kupepesa. Nilipepesa kwa bidii, sokoni, njiani, kanisani, mpaka kijana mmoja aliyepanda kutoka Baraka kuuza samaki akadhani ninamkonyeza. Sikumsahihisha. Ndiye aliyenioa.

Harusi ikawekwa mwisho wa masika. Nilikuwa nimeutegemea upepo unisaidie, lakini siku hiyo hata jani la mgomba halikutikisika. Shangazi, dada ya baba, ndiye aliyekuwa na kazi ya kunitoa nje. Akanikuta chumbani nimekaa, macho yametulia kama ya samaki.

"We mutoto," akasema, "batu ya Baraka iko inje, na bamama banangoya kusikia. Utatupatisha haya."

Nikamwambia nimejaribu tangu asubuhi, haitoki. Akaenda jikoni, akarudi na pili-pili, akaisugua kwenye upindo wa kitenge nilichopaswa kufunikwa nacho kichwani. Akaniambia nikifika mlangoni nipanguse macho na ule upindo, kidogo tu. Kidogo, alisema. Lakini mimi nilitaka mama anione nikimlilia, nikapangusa jicho hili, nikapangusa na lile, kisha nikarudia yote mawili.

Kuku walikimbia kwa sauti niliyotoa. Nilitoka nje kipofu, nikamkanyaga baba mkwe mguu, nikajigonga kwenye kinu. Machozi yalikuja kweli, pamoja na makamasi ambayo hakuna aliyeyaomba. Bamama wa kwetu wakaridhika sana. Baba mkwe hakuridhika. Alinitazama macho yaliyovimba kama ya mtu aliyelia wiki nzima, akasimamisha watu wake.

"Huyu mutoto banamulazimisha," akasema. "Sisi hatukukuja kukamata muntu. Turudi kwetu, tutauliza tena."

Nikasikia mizigo waliyokuja nayo inainuliwa. Ndoa ilikuwa inaondoka mbele yangu na mimi siioni. Nikakitoa kitenge kichwani, nikasema mbele ya wanaume wote: "Baba, habanilazimishe. Mi nataka kwenda."

Bibi harusi wa kwetu aseme hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, nani alishasikia? Kisha watu wakaangua kicheko, baba mkwe akiwa wa kwanza, na mizigo ikashushwa. Mimi sikucheka. Tangu asubuhi nilikuwa namtafutia mama machozi, na sasa neno alilolisikia kutoka kwangu ni kwamba nataka kumwacha. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaja na maji katika kibuyu. Akaniinamisha kichwa, akaniosha macho polepole. Pili-pili ikaisha kutoka, na palepale mbele yake macho yakakauka tena.

"Mama," nikamwambia, "haitoki. Mi niko na huzuni mingi, lakini haitoki."

"Najua," akasema. "Ni mi nilizaa hiyo macho."

Akanipangusa uso kwa kitenge chake mwenyewe, akanifunika vizuri. "Enda, mutoto yangu. Mi nitalia ya sisi wawili."

Tukaanza kuteremka kwenda Baraka, shangazi amenishika mkono. Mama alilia yake, kisha akaendelea na yangu. Nilimsikia mpaka tulipopita kona ya kwanza ya mlima.